Kusomea sanaa za maonyesho: shahada pana au shahada ya utendaji?

Majira ya maombi ya vyuo yakifika, vijana hunijia na swali moja: "Nikasomee uigizaji wapi?" Karibu wote hutaja jina la chuo kabla ya kutaja aina ya shahada. Mimi huwarudisha nyuma hatua moja. Vyuo viwili vyenye sifa zinazolingana vinaweza kukupa miaka isiyofanana hata chembe, kwa kuwa kimoja kinakufinyanga uwe mwigizaji, na kingine kinakufundisha maonyesho kama taaluma nzima, ambayo uigizaji ni chumba kimoja tu ndani ya nyumba kubwa.

Mimi nilipita njia hiyo ya pili. Baadaye nikafanya kazi ya umeneja wa jukwaa, nikikaa gizani pembeni ya pazia usiku baada ya usiku, nikiwasikiliza waigizaji waliotoka pande zote mbili. Ilifika mahali nikawa najua kwa kusikia tu nani alifundishwa wapi: huyu pumzi yake haikatiki katikati ya sentensi ndefu, yule anajua kwa nini sentensi yenyewe ni ndefu. Jukwaa linawataka wote wawili. Lakini wewe ni mtu mmoja na una miaka mitatu au minne tu ya kutumia.

Majina kwanza, maana yanapotosha

Hapa nitaita ya kwanza shahada ya utendaji na ya pili shahada pana. Nchini Marekani zinatambulika kwa herufi: BFA (Bachelor of Fine Arts) ni ya utendaji, BA (Bachelor of Arts) ni pana. Katika BFA, takriban theluthi mbili ya masomo yako yote ni ya maonyesho, na mengi kati ya hayo hufanyika umesimama, si umekaa. Katika BA, maonyesho huchukua kati ya theluthi moja na nusu; muda uliobaki ni wa historia, lugha, sayansi au chochote utakachokipenda humo njiani.

Ukienda Uingereza, herufi hizo hazikusaidii. RADA, chuo cha uigizaji cha London, hutoa BA ya uigizaji ya miaka mitatu, lakini mafunzo yake ni ya utendaji kuanzia asubuhi hadi jioni. Chuo Kikuu cha Bristol nacho hutoa BA, na hiyo ni pana kwelikweli. Herufi ni zilezile, maisha ni tofauti. Ujerumani na Ufaransa zimezitenganisha njia hizi hata kwa majengo: waigizaji hufunzwa katika vyuo vyao maalumu, na vyuo vikuu hufundisha elimu ya maonyesho kama fani ya utafiti na ubunifu.

Kwa hiyo usisome jina la shahada. Fungua orodha ya masomo mwaka kwa mwaka, uhesabu ni saa ngapi kwa wiki utakuwa kwenye chumba cha mazoezi na ni saa ngapi utakuwa darasani au maktaba. Hesabu hiyo ndiyo shahada yako.

Kila moja ilizaliwa wapi

Tofauti hii si ya bahati mbaya. Vyuo vya utendaji vilizaliwa na watu wa jukwaani wenyewe. RADA ilianzishwa mwaka 1904 na Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji na mwenye kuendesha ukumbi wa maonyesho, na madarasa ya mwanzo yalifanyika humohumo ndani ya ukumbi wake. Alitaka watu wanaoweza kusimama jukwaani wakasikika. Shabaha ilikuwa hiyo, na mpaka leo ukiingia kwenye vyuo vya namna hii utaihisi: unaandaliwa kwa ajili ya kazi.

Elimu pana ilianzia kwa wasomi. Max Herrmann, aliyesaidia kuanzisha taasisi ya elimu ya maonyesho mjini Berlin mwaka 1923, alishikilia jambo ambalo wenzake wa fasihi hawakulikubali kwa urahisi: kwamba onyesho si maandishi yaliyosomwa kwa sauti. Ni tukio linalotokea kati ya watendaji na watazamaji, nalo linastahili fani yake. Bristol ikafungua idara ya kwanza ya namna hiyo katika vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1947. Miaka ya 1960 wimbi hilo lilifika vyuo vikuu vya Ibadan, Nigeria, na Dar es Salaam, na huko likapata jukumu jipya, la kuuliza ngoma, utambaji na majigambo ni nini kama si maonyesho. Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia zake zimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili, alisomea sanaa za maonyesho Dar es Salaam kabla ya kwenda Berlin kwa masomo ya uzamivu. Hakufundishwa humo ili awe mwigizaji wa kulipwa. Alifundishwa kufikiri kwa jukwaa.

Carnegie, taasisi ya mjini Pittsburgh, Marekani, ndiyo iliyoziunganisha mapema njia hizi mbili: mwaka 1914 ilianza kutoa shahada ya maonyesho, ya kwanza Marekani, yenye mafunzo ya vitendo ndani ya taasisi ya elimu ya juu. BFA za leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Siku katika shahada ya utendaji

Fika asubuhi ukiwa na nguo unazoweza kujiviringisha nazo sakafuni. Darasa la mwili, darasa la sauti, darasa la matamshi, kisha uigizaji, kisha mchana wote mazoezi ya onyesho. Kwenye vyuo vingi jioni pia ni ya mazoezi. Utajifunza kupigana kwa panga bila kumuumiza mwenzako, kuanguka ngazi, kuimba kwa kiasi, na alama za kifonetiki ili uweze kuandika lafudhi ya mtu kama mwanamuziki anavyoandika nota.

Mambo mengine yanaonekana madogo mpaka uyapitie. Vyuo vingi vya namna hii hufundisha mbinu ya Alexander. F. M. Alexander alikuwa mwigizaji wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1869, ambaye sauti ilikuwa inamkauka akiwa jukwaani. Aliambiwa aipumzishe. Akiipumzisha inarudi, akipanda jukwaani inapotea. Akaamua kujitazama kwenye vioo huku akighani, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukihisi: kila alipoanza kusema, alivuta kichwa nyuma na kulibana koo lake mwenyewe. Sasa fikiria muhula mzima wa kujifunza kukaa kitini na kuinuka bila kufanya hivyo. Mwanafunzi wa wiki ya pili huona anapoteza muda. Mwaka wa tatu anaongea saa mbili na nusu kwenye ukumbi usio na maikrofoni, na kesho yake sauti ipo.

Au zoezi la kurudiarudia la Sanford Meisner, aliyefundisha New York kwa miongo kadhaa. Watu wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anasema anachokiona: "Umenuna." Mwenzake anarudisha: "Nimenuna." "Umenuna." "Nimenuna!" Hakuna kuongeza neno mpaka kitu kibadilike kweli kati yenu. Dakika kumi za hivyo, na anayejifanya anaonekana waziwazi, kwa sababu maneno hayana pa kumficha. Nimewaona watu wakitoka humo wakilia, na nimewaona wengine wakitoka wakiwa, kwa mara ya kwanza, wanamsikiliza mtu.

Hiyo ndiyo thamani ya njia hii, na sidhani kuna njia ya mkato ya kuipata. Mwili na sauti hubadilika kwa kurudia kila siku, kwa miaka, mbele ya mwalimu anayekuona. Vitabu haviwezi.

Gharama yake pia niiseme waziwazi. Utakosolewa kila siku, na kinachokosolewa ni wewe: namna unavyotembea, unavyopumua, unavyokwepa kumtazama mtu. Utakuwa na kundi dogo lilelile kwa miaka yote, watu ambao utawajua kuliko ndugu zako, na kama hampatani hakuna pa kukimbilia. Muda wa kusoma kitu kingine haupo. Zamani baadhi ya vyuo viliwaondoa wanafunzi kadhaa mwishoni mwa mwaka wa kwanza au wa pili kwa kuwaona hawafai. Vingi vimeiacha desturi hiyo, lakini uliza, na uulize kwa maandishi.

Siku katika shahada pana

Saa nne asubuhi, semina. Watu kumi na wawili mezani, mstari mmoja mbele yao. Hamlet ya Shakespeare inaanza kwa usiku, askari yuko lindoni, na sauti inauliza: "Nani huyo?" Mhadhiri anauliza swali dogo: ni nani kauliza? Mnarudi kwenye maandishi. Aliyeuliza ni Bernardo, anayekuja kupokea zamu. Francisco, mwenye lindo, ndiye aliyepaswa kuuliza. Kwa hiyo mtu asiyehusika kuuliza ameuliza kwanza, na kabla mfalme au mzimu hajatajwa, tayari tunajua kwamba katika ngome hii hofu imevuruga utaratibu. Mtakaa hapo saa mbili. Mwongozaji atawasha taa gani? Francisco anageuka au anabaki ametazama nje? Kuna mtu atasema jambo ambalo hata mhadhiri hakuwa amelifikiria.

Hilo lilinitokea mimi mwaka wa kwanza, si kwa kusema bali kwa kusikia mwenzangu akisema, na tangu siku hiyo sijawahi kusoma mswada kwa haraka.

Mchana huohuo unaweza kuwa kwenye karakana unashona maleba, kwa sababu idara nyingi za njia pana humpitisha kila mwanafunzi nyuma ya jukwaa: taa, sauti, maleba, mandhari, umeneja. Kesho una historia: ukumbi wa Wagiriki, Zeami na Noh ya Wajapani, maonyesho ya Kihindi, Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, na sababu zake za kutaka mtazamaji afikiri badala ya kuzama. Keshokutwa una saikolojia au uchumi, pamoja na watu wasiojua mswada ni nini.

Nilijikuta meneja wa jukwaa kwa njia hiyo. Nilipangiwa zamu kwa sababu nafasi ilikuwa wazi. Usiku wa kwanza nilivaa vipokea sauti, mbele yangu mswada wenye alama za penseli kila ukurasa, na nikasema kwa sauti ya chini: "Taa arobaini na saba, tayari." Mtu wa taa akajibu, "Tayari." Nikamsubiri mwigizaji afikishe mkono kwenye kitasa cha mlango, si kabla, si baada. "Sasa." Chumba kizima kikageuka alfajiri. Watazamaji mia mbili wakavuta pumzi pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nimechagua lini. Kama ningekuwa kwenye shahada ya uigizaji, zamu hiyo isingenifikia.

Udhaifu wa njia hii ni mwepesi kuueleza. Saa za uigizaji ni chache, pengine darasa moja au mawili kwa muhula. Mafunzo ya sauti huwa ya juujuu, mara nyingi hayapo kabisa. Unaweza kuhitimu ukijua kuandika kurasa thelathini juu ya mwili wa mwigizaji huku wako mwenyewe hujaufundisha chochote. Anayetaka kuigiza kupitia njia pana lazima ajitengenezee mazoezi nje ya ratiba, na si kila mtu ana nidhamu hiyo akiwa na miaka kumi na tisa.

Mlango wa kuingilia

Shahada pana huingiwa kwa matokeo ya masomo na maandishi, pengine na mahojiano au warsha ya siku moja. Shahada ya utendaji huingiwa kwa usaili.

Usaili wa kawaida unataka hotuba mbili za mhusika anayesema peke yake, moja ya tamthilia za kale na nyingine ya siku hizi, kila moja isizidi dakika mbili, na wakati mwingine wimbo. Nafasi ni chache mno. RADA huchukua wanafunzi 28 kwa mwaka katika shahada yake ya uigizaji. Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, iliyofungua kitengo chake cha maonyesho mwaka 1968, hufundisha kundi la watu wachache kuliko hao. Wanaoomba ni maelfu. Kukosa nafasi hapo hakukuambii lolote la uhakika juu ya kipaji chako: jopo linaunda kundi, kama mtu anayechagua sauti za kwaya, na pengine mwaka huo sauti yako walikuwa nayo tayari.

Ushauri mmoja wa usaili ninaourudia kila mara: chagua hotuba ya mhusika wa umri wako anayetaka kitu kutoka kwa mtu mwingine. Usichague ya kusimulia kumbukumbu. Kisha ijue kiasi kwamba unaweza kuibomoa, kwa sababu wakikupenda watakwambia uifanye upya: sasa unamnong'oneza mtoto aliyelala, sasa una haraka ya kuwahi basi. Wanatazama kama unaelekezeka. Nimeona wazuri wakirudia kitu kilekile kwa sauti ya chini zaidi, wakidhani wamebadilisha.

Nani atapewa nafasi ya kuigiza

Jambo hili ndilo linalowaumiza wengi, na halimo kwenye vipeperushi vya vyuo.

Kwenye shahada ya utendaji, mwaka wa kwanza mara nyingi huruhusiwi kuigiza mbele ya umma kabisa. Unafunzwa kwanza. Miaka ya mwisho, kila mwanafunzi wa kundi hupangiwa uhusika katika maonyesho kadhaa, na walimu hujitahidi kukupa unachohitaji kujifunza, hata kama si unachokipenda.

Kwenye shahada pana, usaili wa maonyesho ya idara huwa wazi kwa chuo kizima, na mwanafunzi wa kemia anaweza kukupokonya uhusika mkuu. Lakini unaweza kupanda jukwaani muhula wa kwanza, na unaweza kuandika na kuongoza onyesho lako mwenyewe kabla hujafikisha miaka ishirini na moja. Idara nyingi zina chumba kidogo chenye kuta nyeusi na viti vya kukunja kwa ajili ya hayo tu. Vyumba hivyo vimezaa mengi. Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, kilianzisha mwaka 1982 masomo ya maonyesho yanayochanganya nadharia na ubunifu, na humo ndimo walimosoma watatu walioanzisha kundi la Rimini Protokoll, ambalo huwapandisha jukwaani watu wa kawaida waeleze kazi zao na maisha yao. Sidhani kama chuo cha kufunza waigizaji kingezaa wazo la onyesho lisilo na waigizaji.

Sasa onyo. Ikiwa chuo kimoja kina BA na BFA pamoja, au kina shahada ya uzamili ya uigizaji, uliza nani hupata uhusika mkubwa. Mara nyingi ni wale wa utendaji na wa uzamili, na wewe wa BA utabaki kubeba mikuki nyuma ya mfalme kwa miaka minne. Chuo kidogo kisicho na uzamili kinaweza kukupa jukwaa kubwa kuliko chuo chenye jina.

Baada ya kuhitimu

Vyuo vya utendaji humaliza kwa onyesho la wahitimu mbele ya mawakala na watu wa kutafuta waigizaji. Ni dakika chache kwa kila mtu, na kwa wachache dakika hizo huwafungulia kazi ya kwanza. Zaidi ya hapo unapata wenzako: watu waliofunzwa kama wewe watakaokuita kwenye kazi zao kwa miaka ijayo. Shahada pana haina mlango wa namna hiyo. Wahitimu wake hutawanyika, kwenye uandishi, ualimu, utayarishaji, redio, makumbusho, sheria hata, na wale wanaotaka kuigiza hulazimika kujitafutia mafunzo zaidi.

Mafunzo hayo yapo: shahada ya uzamili ya uigizaji, ya miaka miwili au mitatu. Tazama nani walianza kwa upana, wakachukua mafunzo ya uigizaji baadaye. Lupita Nyong'o alisoma filamu na maonyesho katika Hampshire College, chuo cha masomo mapana, kisha akaingia Yale kwa uzamili wa uigizaji, akahitimu mwaka 2012. Miaka miwili baadaye alikuwa na Oscar mkononi. Viola Davis alisoma maonyesho katika Rhode Island College, chuo cha umma kisicho na majivuno, akahitimu mwaka 1988, halafu akaenda Juilliard. Wote wawili walipanuka kwanza, wakachongwa baadaye. Chadwick Boseman alishika njia nyingine: BFA ya Chuo Kikuu cha Howard, mwaka 2000, lakini ya uongozaji. Alijifunza kutazama jukwaa kutoka upande wa mwongozaji, na bado akawa mwigizaji tuliyemjua.

Mfululizo huo, upana kisha mafunzo ya uigizaji, una mantiki ninayoipenda. Kinyume chake kinawezekana pia, ila aliyetoka BFA akaingia uzamili wa uigizaji atakuta mengi aliyokwisha kuyapitia. Naye aliyetumia miaka minne kujenga sauti, akagundua akiwa na ishirini na mbili kwamba alichotaka ni kuandika, ana masomo machache ya kumshika mkono.

Njia ya tatu

Usiisahau. Unaweza kusoma kitu kingine kabisa, ukaigiza kwenye vyama vya wanafunzi. Ian McKellen, mwigizaji wa Uingereza, alisoma fasihi ya Kiingereza Cambridge, akahitimu mwaka 1961 bila kupita chuo chochote cha uigizaji. Alijifunzia kwenye maonyesho ya wanafunzi, moja baada ya jingine. Mwigizaji Danai Gurira alisoma saikolojia katika chuo cha Macalester kabla ya uzamili wa uigizaji New York. Njia hii inahitaji chuo chenye utamaduni wa maonyesho ulio hai. Cambridge ina Footlights, chama cha maigizo cha wanafunzi, tangu mwaka 1883, kwa hiyo mwanafunzi anaingia kwenye mkondo unaotiririka. Chuo ambacho chama chake cha maigizo hukutana mara mbili kwa muhula hakitakufikisha popote.

Na wewe je?

Kama unataka kuigiza, umeshaigiza vya kutosha kujua kwamba mazoezi yanakupendeza kuliko makofi, na mwili wako unavumilia saa kumi za kazi kwa siku, fanya usaili wa shahada ya utendaji bila kumwogopa mtu. Wazazi watakwambia usome kitu cha kukupa mkate kwanza. Wasikilize kwa heshima, kisha uwaonyeshe orodha ya masomo na mpango wako. Umri wa kufinyanga sauti ni huo ulio nao.

Kama unapenda jukwaa lakini hujui kama unalipenda kama mwigizaji, mwandishi, mwongozaji au mtu wa taa, nenda kwenye shahada pana. Kwa wengi ninaokutana nao wakiwa na miaka kumi na minane, ndiyo ninayowashauri. Kutojua hakumaanishi kwamba huna ari. Hujavaa vipokea sauti bado, hujashona kola, hujamwelekeza mtu akakuelewa. Utajuaje?

Na kama mikono yako ndiyo inayokuwasha, unataka kubuni taa au kuendesha onyesho, tafuta shahada ya utendaji ya upande huo. Zipo, ushindani wake ni mdogo kuliko wa uigizaji, na onyesho lolote duniani haliwezi kufunguliwa bila watu hao.

Ukienda kutembelea chuo, mwongoza wageni atakuonyesha ukumbi mkubwa na viti vyake vyekundu. Mshukuru, kisha muombe akupeleke kwenye ubao wanakobandika majina ya waliopangiwa uhusika. Soma orodha za maonyesho matatu ya mwisho. Angalia ni majina mangapi yanajirudia, na umuulize yeyote aliyesimama hapo ni wangapi kati yao ni wa mwaka wa kwanza, wangapi ni wa shahada unayoiomba wewe. Halafu uliza chumba cha mazoezi kinafungwa saa ngapi usiku, na ufunguo anao nani.